Juu ya nini Kapita anakusanya visu



Tangu tulirudi kutoka vakanse ya Noeli neno moja linatembea katika nyumba za kulala, tena limefika hata jikoni kwa Mama wapishi. Siku ile nilipomtolea mdogo mmoja wa klasi za chini kisu alichokificha chini ya godoro, aliniambia mbele ya wenzake wote: « Kapita, weye uko unatunyanganya bisu, na weye mwenyewe uko unakusanya bisu. Hii ni sheria ya namna gani? » Wakacheka sana. Kengele ya ibada ya jioni ikalia, nami nikashukuru, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Lakini usiku nilifikiri ya kwamba swali lake ni la haki. Bwana Prefe amekubali nijibu katika gazeti letu. Alisema tu nisimalize karatasi zote za stensili.

Basi nakiri: ni kweli, ninakusanya visu tangu miaka minne. Leo niko navyo 63. Lakini yeye anayetaka kupekua sanduku langu aje apekue hata leo. Atakuta Biblia, nguo, kaye za masomo na kipande cha sabuni. Kisu hata kimoja hataona. Visu vyangu vyote 63 vinakaa ndani ya kaye mbili. Kila kisu nilikilaza juu ya karatasi, nikakizungushia kalamu ya risasi pande zote, nikakipima kwa lati, nikaandika kando maneno niliyoambiwa na mwenye kisu. Halafu kisu kilirudi kwake kukata mihogo yake na nyama yake. Hiyo ndiyo akiba yangu yote.

Mtu atasema: kama unavipenda hivi, juu ya nini unatunyang'anya? Ndugu, wengine wenu mulikuwa hapa mwaka jana. Damu ilimwagika katika nyumba ya kulala kwa ajili ya sabuni ya kufulia, tena nusu ya sabuni. Mimi ndiye nilifunga mkono wa yule ndugu kwa shuka langu mpaka alipofikishwa kwa muganga akashonwa. Hata leo kidole chake kimoja hakikunjiki vizuri, na wakati wa mitihani anaandika polepole kuliko wenzake. Na niwaambie neno jingine, hata kama ni la aibu. Nilipookota kile kisu chini ya kitanda niliona ya kuwa ni kizuri sana: mpini wa mti mweusi umezungushiwa waya wa shaba nyekundu, safu kwa safu, bila pengo. Damu ilikuwa ingali juu yake, nami nilikuwa ninatazama waya. Kisu kile ni nambari 41 katika kaye yangu. Kando ya picha niliandika urefu wake, mahali kilipotengenezwa, na tena niliandika: kilikata mkono wa mwanafunzi. Mtu anayekusanya vitu hana ruhusa ya kuandika mazuri peke yake.

Kukusanya vitu ni mchezo wa watu wengi duniani. Wengine wanakusanya tembre za barua, wengine feza za zamani, wengine vipepeo. Kule Ulaya na Marekani wako watu maelfu wanaokusanya visu, na wanafanya masoko makubwa ya kuonyeshana na kuuziana. Kitu cha kwanza wanachotafuta si ukali wa kisu. Wanatafuta alama ndogo iliyopigwa juu ya chuma karibu na mpini, maana alama inasema nani alikitengeneza na wapi. Kile kisu cha kukunja cha Wafaransa kinachoitwa Opinel, chenye mpini wa mti na pete ya chuma, kilianza mwaka 1890 katika milima ya Savoie kwa kijana fundi Joseph Opinel. Tangu 1909 kimepigwa alama ya mkono wenye taji juu yake. Katika Uswisi, Karl Elsener alianza kuwapa askari wa inchi yake visu mwaka 1891, na kutoka hapo ndiyo kilitokea kile kisu chekundu chenye msalaba mweupe, chenye mkasi na kifungulia chupa, ambacho wamisionari wengi walikuwa wakikitembeza mfukoni. Mji wa Solingen katika Udachi unalinda jina lake kwa sheria tangu 1938: kisu ambacho hakikutengenezwa pale hakina ruhusa ya kuandikwa Solingen. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anaweza kuokota kisu cha babu wa babu yake ndani ya sanduku, akasoma alama, akafungua kitabu, akajua habari zake zote bila kumuuliza mtu.

Kwetu si hivyo. Visu vya baba zetu havikupigwa jina. Jina lilikaa kinywani mwa watu, na kinywa kinakufa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mufundi wa chuma. Nilipokuwa mtoto wa miaka saba au nane nilikuwa ninavuta mivuba yake, ndiyo ile mifuko miwili ya ngozi inayopuliza moto. Alipokufa aliacha kisu kimoja ambacho hakukiuza maisha yake yote. Wakati wa taabu kubwa nyumbani, mkubwa mmoja wa jamaa alikiuza kwa mchuuzi aliyekuwa akipita vijijini kununua vitu vya zamani. Feza zilitosha mfuko mmoja wa unga wa bukari. Simhukumu, maana na mimi nilikula ile bukari. Lakini leo mkiniuliza kisu cha Babu kilikuwa namna gani, ninaweza kusema tu kwamba mpini ulikuwa laini, na karibu na ncha kulikuwa na mistari midogo, mitatu au minne. Mitatu au minne! Hata hiyo sikumbuki. Kama ningalikuwa na karatasi moja na kalamu ya risasi, dakika kumi tu, kile kisu kingalikuwa hapa. Kaye yangu ilianza kwa sababu hiyo. Nambari moja ni ukurasa mtupu.

Sasa ngoja niwaeleze kidogo juu ya visu vya inchi yetu, maana wengi wetu tunafikiri kwamba kisu ni cha kukata tu. Tukiwaza hivi tunawaza kama watu ambao hawakuzaliwa hapa.

Wakuba wa Kasai wako na kisu kinachoitwa ikul. Kinafanana na jani pana, na mpini wake unaisha kwa kitufe cha mviringo. Masimulizi yao yanasema mfalme wao mkuu Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17, alikataza kisu cha vita cha kurushwa, akaweka ikul kuwa kisu cha amani. Sanamu za mbao za wafalme wa Kuba zinaonyesha mfalme ameketi amekunja miguu, na mkono wake wa kushoto umeshika kisu. Mhungaria Emil Torday alichukua baadhi ya sanamu hizo kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya London, na ziko kule hata leo.

Wamangbetu wa upande wa Uele walikuwa na kisu kilichopindwa kama mundu, chenye matundu katika chuma, na mpini wa mti ao wa pembe ya tembo. Mkubwa alikishika mkononi akiketi mbele ya watu, kama vile mtu wa leo anavyoshika fimbo. Mdachi Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870 alistaajabu sana kwa kazi ya mafundi wake, hata akachora silaha zao katika vitabu vyake. Jirani zao Wazande walikuwa na kpinga, kisu cha kurushwa chenye ncha tatu ao zaidi zinazoelekea kila upande. Askari alivichukua ndani ya ngao yake. Ukikitazama unafikiri ni kama mti wenye matawi; kikitupwa kinazunguka hewani, na kwa kuwa kila upande una makali, ni shida kiangukie bure. Lakini hata kpinga ilitolewa kwa mahari.

Tukifika upande wa Kisangani, Watopoke na jirani zao walifua chuma kirefu kama mkuki, kingine kinakaribia urefu wa mtu ao kuupita. Hakuna mtu anayeweza kupigana na kitu kile. Kilikuwa feza. Baba wa binti alihesabu vyuma vile kama sisi tunavyohesabu noti. Na Warega wa Kivu na Maniema, ambao kati yetu hapa wako wengi na watanisahihisha kama nimekosa, walikuwa na visu vya pembe na vya mfupa wa tembo katika chama chao cha Bwami. Kisu cha pembe hakikati hata ndizi. Kilikuwa cha kufundishia, na cha kuonyesha cheo cha mwenyewe. Serikali ya wakoloni ilikataza Bwami mwaka 1948, na vitu vyao vingi vikaenda mbali.

Mimi mwenyewe ninapenda zaidi habari ya Upemba, kwa kuwa iko karibu na watu wangu. Kandokando ya ziwa Kisale, pale Sanga, watu wa elimu walichimba makaburi katika miaka 1957 na 1958, wakarudi tena katika miaka ya 1970. Walikuta vyungu, shaba, visu, mashoka. Pale Kamilamba walikuta kaburi la mkubwa mmoja aliyezikwa pamoja na shoka la heshima, mpini wake umepigwa misumari midogo ya kupamba, na pamoja na fuawe ya mufundi. Kaburi lile lina zaidi ya miaka elfu. Yaani wakati ule mufundi wa chuma na mkubwa wa inchi walikuwa karibu mtu mmoja, na Waluba wanasimulia hata leo kwamba ufalme na ufundi wa chuma viliingia pamoja katika siku za Kalala Ilunga.

Mwalimu wetu wa dini alituonyesha neno linalofanana na hilo katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 13. Wafilisti hawakuwashinda Waebrania kwa vita tu. Waliwanyima wafua chuma, hata Mwebrania akitaka kunoa jembe lake sharti ashuke kwa Mfilisti na kulipa. Siku ya vita watu wa Sauli hawakuwa na upanga mkononi. Nilisoma mlango ule mara tatu. Kwetu pia, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, tanuru za kuyeyusha mawe ya chuma zilizimika mahali pengi, kwa kuwa majembe na vyuma vya Ulaya vilifika kwa bei ndogo, na watu wakavutwa kwa kazi za wakoloni. Mafundi walibaki, lakini tangu hapo wanafua chuma cha wengine.

Na visu vya zamani viko wapi? Vingi viko Ulaya. Nyumba ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruseli, ilianza kwa maonyesho ya mwaka 1897 ya mfalme Leopold wa Pili, na jengo lake kubwa lilifunguliwa 1910. Pale kuna zaidi ya vitu 120,000 vya watu, sehemu kubwa ni ya Kongo. Askari na watawala wa wakati ule walipenda sana kuchukua visu na mikuki, juu ya sababu ni vyepesi kufunga na vinapendeza ukutani. Wengine walivinunua, wengine walipewa, wengine walivichukua kwa nguvu baada ya kuchoma kijiji. Wakirudi kwao walivipanga ukutani kama mionzi ya jua na kusema: hivi ni visu vya wauaji. Kisu cha feza waliita cha kuua, kisu cha kucheza ngoma waliita cha kuua, na hata cha mahari. Hawakuuliza, ao waliuliza na hawakuandika. Karibu kila mahali jina la mchukuaji liko, na jina la mufundi haliko.

Katika miaka 1976 mpaka 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu zaidi ya mia moja kutoka Tervuren kwa inchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Tunapaswa kusema kweli yote: wakati wa vita ya 1996 na 1997 nyumba ya makumbusho ya Kinshasa iliibiwa, na vitu vingi vilipotea tena. Mwaka 2019 Kinshasa ilipata nyumba mpya ya makumbusho iliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwezi wa pili 2022 serikali ya Ubelgiji ilitoa kwa serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko kule. Wenzangu wengi walisema: orodha ni karatasi tu, watupe vitu. Mimi pia ninataka vitu. Lakini sidharau karatasi. Kisu bila habari yake ni chuma; habari bila kisu ingali inaweza kumfundisha mtoto kufua kisu kingine.

Hapo ndipo ninafika kwa mufundi wetu. Nyuma ya soko, ng'ambo ya mto, yuko mzee mmoja ambaye anafua visu, majembe na shoka. Wengi munampita mukienda kununua mikate. Nimekwenda kwake kila siku ya posho kwa miaka miwili, kwa ruhusa ya Direkta wa disiplini. Mwanzoni alinicheka: « Mutoto, weye unaandika, mimi natumika. Nani kati yetu atakula leo? » Lakini baadaye alinizoea, na sasa nikikosa siku moja ananiuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Chuma chake ni resori za gari, zile bapa ndefu za chini ya kamyo. Chuma cha namna hii ni kizuri, kwa sababu ndani yake mna kaboni ya kutosha kushika ukali. Chuma cha kujengea nyumba hakishiki, ukikinoa asubuhi jioni ni butu. Anakata kipande kikiwa chekundu, anakifua, anakirudisha katika makala, anakifua tena, mara kumi ao kumi na tano kwa kisu kimoja. Halafu inafika saa ya kukizamisha. Mwalimu wetu wa fizika alitueleza ya kuwa chuma kikipita moto wa digrii 770 hivi, sumaku haikishiki tena, na kwamba chuma hiki kinafaa kuzamishwa kikipita kidogo digrii 800. Mzee hana sumaku wala termometre. Anatazama rangi. Anangoja rangi ya nyanya iliyoiva, si ya chungwa, na kwa ajili ya hiyo nyumba yake haina dirisha: katika jua rangi inadanganya. Mimi nilifikiri miaka yote ni umaskini!

Akikizamisha katika mafuta, kisu kinakuwa kigumu kama chupa, na kama chupa kinavunjika kikianguka juu ya jiwe. Basi anakisugua kidogo kionekane cheupe, anakilaza juu ya chuma cha moto, na hapo rangi zinatembea polepole juu ya kisu kama mafuta juu ya maji: kwanza rangi ya nyasi kavu, halafu ya kahawa, halafu buluu. Nyasi kavu ni karibu digrii 220 na kidogo, buluu inakaribia 300. Kisu cha jikoni anakisimamisha katika nyasi kavu. Mupanga wa kufyekea anauacha ufike karibu na buluu, kusudi usivunjike ukigonga jiwe. Nilipomwonyesha digrii zile katika kitabu alizitazama, akasema: « Eh. Kumbe nabo banajua. »

Mzee huyu jicho lake la kuume limekwisha kufungwa na moto wa miaka mingi. Watoto wake wanaume wote watatu walikwenda kuchimba mawe katika mashimo, kwa sababu kule mtu anapata feza siku ileile. Mivuba yake anavuta mjukuu mmoja baada ya masomo, tena akipenda. Katika kaye yangu visu 19 ni vya mkono wake. Mistari mitatu karibu na ncha ndiyo alama yake. Mwalimu wake alikuwa na miwili, na mwalimu wa mwalimu mmoja. Siku aliponiambia hivyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu ya kisu cha Babu.

Sasa ginsi ya kufanya, kwa wale wanaotaka. Kwanza omba ruhusa. Salimia, keti, sema wewe ni mtoto wa nani, usianze na kisu. Mzee mmoja alikataa nisichore kisu chake, kwa kuwa ni cha kutahiri na hakionyeshwi. Niliandika tu siku na jina la kijiji, na nilishukuru. Pili, mwenye kisu ndiye akilaze juu ya karatasi, si wewe. Kalamu isimame wima kabisa. Ikilala ndani picha inakuwa nyembamba, ikilala nje inakuwa nene. Chora upande wa kwanza, pindua, chora wa pili, maana visu vya mkono haviko sawa pande mbili, na ile tofauti ni mkono wa mufundi. Pima urefu wote, urefu wa chuma peke yake, upana mahali pa katikati na unene wa mgongo. Andika mti wa mpini kwa jina la lugha yao, usitafsiri, utakosa. Halafu uliza: nani alikifua, alifundishwa na nani, kiliuzwa kwa nini, kilifanya kazi gani. Andika maneno kama yalivyosemwa, hata kama si Kiswahili cha shuleni.

Wengine wananiambia telefone inapiga picha haraka. Ni kweli, na kama munayo nyumbani piga. Lakini telefone haipimi, na ikiibiwa ama ikianguka majini visu vyote vinakufa pamoja. Kaye yangu ilianguka majini mwaka juzi. Niliianika juani na visu vikapona, ila nambari 12 inaonekana kama samaki.

Kama kisu ni chako na unataka kikae, usikiweke siku nyingi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi inashika unyevu na chuma kinapata kutu. Futa jasho la mkono, lina chumvi. Paka mafuta ya mashini kidogo sana. Mawese yanachacha na kuvuta vumbi. Na rangi nyeusi ya zamani usiisugue kwa mchanga ili king'ae. Mukisugua munaondoa ngozi ya kisu, na mtu hawezi tena kujua umri wake.

Kisu cha babu musikiuze kwa wachuuzi. Vitu vya zamani vya inchi vinalindwa na sheria tangu mwezi wa tatu 1971, na mchuuzi anajua hivyo kuliko ninyi. Ndiyo sababu anakuja jioni. Tena wako wanaofua visu vipya, wanavizika katika udongo na chumvi miezi michache, wanaviuza kama vya miaka mia. Kama nyumbani kuna njaa, njaa haingoji sheria, nami nimekwisha sema habari ya bukari. Lakini kichoreni kwanza.

Basi, juu ya sanduku la visu lililoko kwa Direkta wa disiplini. Ndani yake mna visu 11 vyenu, pamoja na kile cha yule mdogo aliyeniuliza swali. Sheria ya nyumba za kulala haibadiliki, nami nitaendelea kupekua magodoro mpaka siku yangu ya mwisho hapa. Lakini tumepatana na Direkta hivi: siku ya kuanza vakanse ya Pasaka, baada ya ibada, kila mtu atarudishiwa kisu chake aende nacho nyumbani. Kabla ya kukichukua atapita kwa meza yangu chini ya mwembe, dakika kumi, akilaze mwenyewe juu ya karatasi na kuniambia kilitoka kwa nani. Asiyejua atauliza nyumbani, na aniletee jibu akirudi. Kalamu za risasi na lati nitatoa mimi. Karatasi mujiletee, maana kaye yangu ya pili imebaki na kurasa sita.

Kapita mkuu wa wanafunzi, finalisti